Mkono wa Asubuhi, Mkono wa Alasiri

Baba alikuwa na desturi moja ambayo sisi wanawe tuliijua kabla hatujajua kusoma saa. Akishamaliza kuoga alfajiri, huichukua saa yake juu ya kabati, huivaa, kisha huutikisa mkono mara mbili na kuusogeza sikioni. Saa ile haina kutiwa ufunguo. Ni Seiko 5, mashine yake ni ile ya namba 7009 yenye vito 17, na ndani mna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapocheza. Hicho ndicho kinachokaza springi. Ukiilaza siku mbili inasimama, na ukitaka iamke sharti uitikise. Baba aliletewa na ami yake kutoka Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo kidirisha chake cha siku kinasoma Kiingereza na Kiarabu, kama zilivyokuwa Seiko nyingi zilizouzwa nchi za Ghuba.

Miaka minne iliyopita nilikwenda Tanga nikaikuta juu ya kabati, imesimama siku ya Jumanne wakati sisi tulikuwa Ijumaa.

"Chukua wewe," baba aliniambia. "Mkono wangu umekonda. Inazunguka, kioo kinakuja chini, inanigonga mfupani. Nikitaka kuikaza, hakuna pa kukazia."

Niliivaa palepale. Njia nzima ya kurudi Dar es Salaam niliitazama saa kuliko nilivyotazama mkonge dirishani. Na wiki haikuisha nikawa naivua kazini na kuiweka kando ya kompyuta. Mimi ni mhasibu, kutwa mikono yangu iko juu ya meza, na ile cheni ilikuwa kubwa hata kwangu. Baba alipopewa saa alikuwa kijana wa kubeba mizigo bandarini, mkono wake ulikuwa mkono kweli. Wangu ni sentimita 16 na ushee. Saa ilikuwa inateleza mpaka kwenye kiganja, cheni inang'oa malaika, vile vinyweleo vya mkono, na kifungo chake kinakwaruza meza kila nikiandika. Ndani ya mwezi mmoja nikawa nimeiacha nyumbani. Nikajiambia labda saa za zamani ndivyo zilivyo, au labda mimi si mtu wa saa.

Nilichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba saa yenyewe haikuwa na kosa. Hata hiyo "5" iliyo kwenye jina lake, ambayo Seiko walianza kuitumia mwaka 1963, inahesabu sifa tano: saa inayojikaza yenyewe, siku na tarehe katika kidirisha kimoja, kuhimili maji, kitufe cha kutilia majira kilichozama kwenye kasha pale penye namba 4, na ya tano ni kasha na cheni imara. Angalia hiyo ya nne. Saa nyingi kitufe chao kiko penye namba 3, kinatokeza, na ukikunja mkono kinakuchoma mgongo wa kiganja. Waliotengeneza hii walikifikiria kiganja cha mvaaji. Kilichokuwa kinanitesa ni kile kinachoishika saa mkononi, na namna kilivyopimwa.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Nilimpelekea fundi mmoja Kariakoo, Jumamosi mchana, watu wamejaa. Akatoa pingili tatu za cheni kwa dakika chache, zote upande wa namba 12, akanirudishia. Nilipofika nyumbani nikaona kifungo hakikai katikati chini ya mkono. Kimevutwa pembeni na kukalia ule mfupa unaochomoza upande wa kidole cha mwisho. Pingili hupunguzwa pande zote mbili, sawa kwa sawa au karibu na hapo, ili kifungo kibaki katikati. Nilirudi kuziomba zile tatu.

"Tumeshazitupa, bosi."

Pingili za cheni ya asili ya saa ya miaka arobaini huwezi kuzinunua dukani. Bado inaniuma nikiandika. Basi ukipunguza cheni, hata kama ni ya saa ya bei ndogo, mwambie fundi akupe pingili zako mkononi, uzitie kwenye kibahasha na kuziweka pamoja na vyeti vyako. Mkono unanenepa na unakonda, na saa itarithiwa na mtu mwingine.

Nikahamia ngozi, na hapo ndipo nilipojua habari ya vipimo. Upana wa mkanda hupimwa baina ya zile pembe za kasha zinazoshika pini, na madukani utakuta mikanda ya milimita 18, 20 na 22 tele. Saa ya baba ni 19. Muuzaji akanipa ya 18, "inaingia tu." Iliingia, lakini iliacha nusu milimita kila upande, na mkanda ukawa unacheza kwenye pini kama mlango wenye bawaba mbovu. Ngozi ya 20 ukiilazimisha kwenye 19 inajikunja kingo na haikai sawa. Kitambaa ni tofauti: nailoni ya 20 inajibana na kuingia kwenye 19 bila tabu. Kama saa yako ni ya kipimo cha witiri, 19 au 21, tafuta ngozi ya kipimo hichohicho au uachane na ngozi.

Ngozi ile ilikuwa laini, nakiri, na wiki mbili za kwanza niliivaa kwa raha. Lakini mimi natia udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi ya mkono, kwa hiyo saa ama unaivua ama unaisukuma juu na kupitisha maji chini yake. Nilikuwa nikiisukuma. Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, na katikati yake jasho la Dar la mwezi wa tatu. Mwezi wa pili haujaisha mkanda ukawa mgumu kama ganda na umeanza kunuka. Ijumaa moja nikakuta pete ya kahawia kwenye mkono wa kanzu yangu nyeupe, rangi ya mkanda imeyeyuka na jasho. Haikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Ngozi ni nzuri kwa wanaokaa kwenye viyoyozi na kwenye baridi, na kwa arusi ya usiku. Kwa kutwa nzima ya pwani siipendekezi kwa mtu yeyote, hata iwe ya bei gani.

Silikoni nayo ilinipa upele. Inavumilia maji, inaoshwa, ila haipitishi hewa hata chembe, na nilikuwa nimeikaza. Baada ya mvua za masika mkono ukawa mwekundu na unawasha usiku. Daktari wa ngozi alinitazama, akanusa mkanda wenyewe, akasema, "Kaka, huna ugonjwa. Una sabuni na unyevu uliofungiwa." Akaniambia niache mkono wazi wiki moja, kisha kila nikivaa mpira niuoshe jioni na kuukausha vizuri, mkanda na mkono.

Aliniuliza pia kama hereni au vifungo vya suruali huniwasha. Alikuwa anatafuta nikeli, madini yanayochanganywa kwenye vyuma. Wako watu ambao ngozi zao haziivumilii kabisa, na kitu cha kuangalia kwanza ni bizimu, kile kipande cha chuma cha kufungia mkanda, kikiwa cha bei rahisi kilichopakwa rangi tu. Chuma kizuri cha saa nacho kina nikeli ndani yake, lakini kinaishika, haitoki kirahisi. Nchi za Ulaya ziliweka sheria mwaka 1994 kwamba kitu kinachogusa ngozi muda mrefu kisitoe zaidi ya nusu mikrogramu ya nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Ambaye hata hicho kinamsumbua anayo titani, ambayo pia ni nyepesi karibu nusu ya chuma. Citizen ndio waliotoa saa ya kwanza ya titani, mwaka 1970. Mimi nikeli hainidhuru, kwa hiyo sikwenda mbali huko.

Wa tatu ulikuwa mkanda wa nailoni wa kijeshi, ule ambao vijana wanauita Nato. Asili yake ni wizara ya ulinzi ya Uingereza, waliouandikia masharti mwaka 1973: rangi ya kijivu, upana milimita 20, kipande kimoja kirefu kinachopita chini ya saa na kipande cha pili kifupi cha kuizuia isiteleze. Askari aliuomba kwa fomu ya G1098, ndiyo maana wengine huuita G10. Faida yake ni kwamba pini moja ikikatika saa inabaki imening'inia mkononi. Kwa askari hilo ni jambo kubwa. Kwangu mimi, tabaka mbili za nailoni chini ya saa ambayo tayari ni nene ziliiinua, ikawa inayumba juu ya mkono kama chungu kwenye figa moja. Na nikitia udhu, tabaka zile zinakaa na maji mpaka sala inayofuata.

Nilichofanya ni hiki. Nilikata kile kipande kifupi cha chini kwa wembe, karibu kabisa na mshono, nikapitisha ncha iliyokatwa juu ya mwali wa mshumaa mpaka nyuzi zikayeyuka na kushikana. Saa ikashuka mara moja, ikalala. Ni kazi ya dakika tano, na kama unao mkanda wa namna hiyo kwenye droo usioupenda, ujaribu kabla hujaugawa.

Niseme kidogo kuhusu ukubwa, maana ndio watu wanaoubishania. Binamu yangu ana mkono mwembamba kuliko wangu na anavaa Seiko ya wapiga mbizi, ile SKX007, ambayo upana wake unazidi milimita 42. Inamkaa vizuri sana. Siri ni urefu kutoka pembe hadi pembe, ambao ni kama milimita 46 tu, tena pembe zenyewe zimeinama kuufuata mkono. Saa nyingine ya upana mdogo zaidi lakini yenye pembe ndefu zilizonyooka itampita mkono na kuacha uwazi pembeni. Kabla ya kununua, pima bapa la juu la mkono wako kwa rula. Saa isilizidi hilo.

Sasa nifike kwa fundi wa Ngamiani.

Nilikuwa nimekwenda Tanga kumsalimia baba, nikiwa na ile cheni ya asili mfukoni, na dada yangu akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye meza ya kioo chini ya baraza. Nilifika mapema, jua halijapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

Nikamweleza. Akaishika cheni kwa ncha moja, akaiacha ilale kwa ubavu hewani. Ikapinda chini kama utepe. "Imekula," alisema. Pini zimetanua matundu yake kwa miaka yote ile, kila kiungo kimelegea kidogo, na kidogo kidogo ya viungo vyote ndiyo inayong'oa malaika. Akaifungua. Kwa ndani ya pingili kuna vishale vidogo vilivyochorwa, sikuwahi kuviona. Vinaonyesha upande wa kuitoa pini. Ukigonga kinyume cha kishale unaharibu tundu. Akatoa pingili moja upande mrefu, akaihamishia upande ule uliokatwa Kariakoo, akanivisha. Kifungo kikarudi katikati. Nikanyoosha mkono kulipa.

"Bado. Huu ni mkono wa asubuhi. Nenda katembee, njoo baada ya Alasiri."

Nilidhani ana wateja wengine. Nilikwenda sokoni, nikala wali na samaki wa kupaka, nikarudi jua likiwa limechoma barabara zote za Ngamiani. Akaishika saa ikiwa mkononi mwangu, akajaribu kupitisha kidole chake kidogo chini ya kifungo. Hakikupita. Asubuhi kilipita na kubaki na nafasi. Akatoa sindano butu, akabonyeza pini iliyo kwenye ubavu wa kifungo, akaisogeza kutoka tundu la pili hadi la tatu. Ikasema *tik*. Akapitisha kidole tena, safari hii kikaingia kwa shida kidogo. "Ndiyo hapo," akasema.

Yale matundu madogo ubavuni mwa kifungo nilikuwa nayo miaka miwili na sikujua kazi yake.

Nilipofika Dar nikanunua futi ya fundi cherehani, nikajipima wiki nzima. Baada ya sala ya Alfajiri mkono wangu ni sentimita 16.4. Saa tisa alasiri, siku ya joto, ni 16.9. Mwili ukipata joto hutanua mishipa na kupeleka damu karibu na ngozi ili ipoe, na mkono unavimba. Chakula cha chumvi nyingi huongeza, na kuning'iniza mkono safari nzima huongeza pia. Nusu sentimita, basi. Chukua sasa mkanda wa ngozi: tundu hadi tundu kwa kawaida ni milimita sita au saba. Tundu la asubuhi litakukaba mchana, na tundu la mchana litaiacha saa inateleza asubuhi. Pingili moja ya cheni ni kubwa kuliko hapo. Kwenye cheni ni yale matundu madogo ya kifungo tu, ya milimita mbili au tatu, yanayoweza kufuata mkono. Nimesoma ushauri mwingi wa watu wa nchi za baridi kuhusu saa na sikumbuki aliyenieleza hili kwa uzito alioupa mzee yule. Sisi tunaoishi kwenye joto la unyevunyevu tunapaswa kulipima hili kwanza, kabla ya rangi na kabla ya bei.

Kwa hiyo nauamini kuliko yote mkanda wa perloni. Perloni ni aina ya nailoni iliyogunduliwa Ujerumani na Paul Schlack mwaka 1938, na mkanda wake husukwa kama ukili, nyuzi zinapishana. Hauna matundu. Ulimi wa bizimu unapenya popote baina ya nyuzi, kwa hiyo mchana naulegeza kwa upana wa uzi mmoja au miwili nikitaka, na jioni narudisha. Upepo unapita. Maji ya udhu yanatoka yakipigwa mtikiso mmoja. Ni mwembamba, saa inakaa chini. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mpya kingo zake zinaparuza, na pale unapoupenyeza ulimi mara kwa mara panaanza kufumuka baada ya miezi kadhaa. Wengine huona haufai na suti. Siku za suti navaa cheni.

Saa ikawa haishuki mkononi. Na kadiri nilivyoizoea ndivyo nilivyozidi kufikiri kuhusu maneno ya baba, kwamba hakuna pa kukazia. Hakuichoka saa yake. Iliacha kumtosha, na hakuna aliyempima.

Mwezi wa Shaabani nilikwenda na mfuko mzima. Nilianza na cheni ya kuvutika, ile ya springi ambayo wazee wengi huipenda kwa sababu haina cha kufungua, unaipitisha tu kiganjani. Speidel wa Marekani waliitoa ya kwao maarufu, Twist-O-Flex, mwaka 1959, na mpaka leo utaiona kwenye mikono ya wazee misikitini. Lakini ngozi ya baba imekuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Cheni ilipojifunga ikambana, akakunja uso na kuivua bila kusema neno. Perloni ilimkaa vizuri, ila vidole vyake havikunji sawasawa siku hizi, na ule ulimi wa bizimu ulimshinda. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne nikataka kumsaidia, akaurudisha mkono wake. Nikaelewa. Saa ambayo lazima ufungiwe na mwanao mara tano kwa siku haivaliki.

Kilichobaki mfukoni kilikuwa mkanda mweusi wa kitambaa wa velkro, wa wanamichezo, ambao nilikaribia kutoununua kwa sababu ya sura yake. Unapita kwenye pete, unavutwa kwa mkono mmoja, unajishika wenyewe popote unapoishia. Nikautia kwenye saa, nikamwekea mapajani.

Akauvaa mwenyewe. Akauvuta, akaona umebana, akaubandua kwa krrr, akaurudisha nyuma kidogo. Akageuza mkono huku na huku. Saa haikuzunguka. Kisha akautikisa mkono mara mbili, na kuusogeza sikioni.